Ukurasa Mmoja, Mkanda Mmoja

Nilisoma vitabu vya upigaji picha za sinema karibu miaka miwili kabla sijashika kamera ya mkanda. Namba za lenzi, yaani za upana wa tundu linalopitisha mwanga, nilizijua kwa moyo: 1.4, 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Kila ukipanda moja, mwanga unaopita unapungua nusu. Kisha nikanunua Pentax K1000 ya mtumba, kamera ya picha za kawaida ambayo haikufanyii kitu, kila kipimo unakipanga mwenyewe. Betri yake ni ya kipima mwanga tu, na shata, ule mlango unaofunguka kupitisha mwanga kwenye mkanda, inafyatuka hata betri ikiisha. Mkanda wangu wa kwanza niliupiga sikukuu ya Idi, Unguja.

Mjomba alisimama barazani na kanzu mpya, nyeupe pe. Nikaifuata sindano ya kipima mwanga mpaka ikatulia katikati, nikapiga. Picha ziliposafishwa, kanzu ilikuwa ya kijivu na uso wa mjomba umezama gizani, macho hayaonekani. Picha kumi na moja za namna hiyo. Niliumia sana, maana Idi ile ilikwisha kupita.

Usiku nikarudi kwenye sura ambayo nilishaisoma mara tatu, na safari hii ndipo nilipoielewa. Kipima mwanga hakijui kanzu wala uso. Kinachukulia kwamba kilicho mbele yake ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikiona weupe mwingi kinakutaka upunguze mwanga. Ukikielekeza kwenye uso mweusi peke yake, kinakutaka uongeze, na kanzu inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu isiyoonyesha hata mikunjo. Na kipima cha K1000 kinasoma fremu nzima kwa pamoja, kwa hiyo ile kanzu ndiyo iliyokuwa ikiamua kila kitu.

Ndugu msomaji, sura ya namna hiyo sisi wa huku tuisome kwa makini kuliko wote. Harusini, kwenye maulidi, siku ya kipaimara, nguo nyeupe na ngozi nyeusi zimo ndani ya fremu moja. Tena tukumbuke kwamba kwa miaka mingi maabara zilisawazisha rangi za picha kwa kadi yenye sura ya mwanamke Mzungu, kadi walizoziita Shirley. Nyuso zetu hazikuwa kipimo cha mtu. Lazima tujifunze kuzipima wenyewe.

Siku hizi nafanya hivi. Nausogelea uso mpaka ujaze fremu, nasoma kipimo, kisha napunguza stopu moja, yaani hatua moja kwenye zile namba za lenzi, ili ngozi ibaki na weusi wake. Kama siwezi kusogea, napima kiganja changu kwenye mwanga uleule. Nilishakilinganisha na kadi ya kile kijivu cha kati nikaona kimeizidi kwa mwanga wa stopu moja, basi nafungua lenzi kwa stopu moja. Linganisha chako mara moja tu, utatembea na kipima mwanga mkononi maisha yako yote. Ukiwa na shaka, ongeza mwanga kidogo: mkanda wa negativu unavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Kwenye kamera za dijitali ni kinyume chake, weupe ukishaungua haurudi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usimalize kitabu. Soma sura moja, piga mkanda mmoja wa picha 36 kwa ajili ya sura hiyo tu, ndipo uendelee. Kwa kuanzia napendekeza cha Joseph Mascelli, The Five C's of Cinematography, cha mwaka 1965. Ni cha zamani, lakini sijaona kinachoeleza vizuri zaidi pembe za kamera na jinsi picha moja inavyoungana na inayofuata. Kwa mwanga utahitaji kingine.

Ukibahatika kupata kamera ya sinema yenyewe, hata kwa siku moja, nenda. Mimi nilipewa Bolex H16, ile ya kujaza kwa mkono kama saa ya zamani. Ukiijaza mpaka mwisho, haifikishi nusu dakika kwa fremu 24 kwa sekunde, na mkanda wa futi 100 unakwisha kwa dakika mbili na sekunde arobaini na kitu. Hapo ndipo nilipojua maana ya mazoezi na mwigizaji kabla ya kubonyeza.

Mikanda ni ghali, najua. Itunze kwenye friji, na uitoe saa chache kabla ya kuifungua isije ikashika unyevu. Usiiache kamwe ndani ya gari juani. Kama huna kabisa uwezo, chukua simu, funga mwanga usijibadilishe, jiwekee picha 36, na usizitazame mpaka kesho.

Mkanda wako wa kwanza mpige mtu mmoja, aliyevaa nguo nyeupe, mahali pamoja, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi jua linapozama. Saa sita mchana utaona macho yake yanavyogeuka mashimo, na saa kumi na moja jioni yanavyorudi. Andika kila picha kwenye daftari: saa, namba ya lenzi, kasi ya shata, na ulichopima, kama ni uso, nguo au kiganja. Picha zikirudi, zipange kando ya daftari na uzipitie moja moja kabla hujamwonyesha mtu.