Maswali ya wasomaji: Korona iliingiaje kwenye bei ya dukani?

Tuliwaalika wasomaji watuulize kuhusu korona na uchumi wa dunia. Wengi mmeuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: kwa nini mfuko uliumia zaidi baada ya ugonjwa wenyewe kupoa? Swali la kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu limebeba sehemu kubwa ya jibu hilo.

Ndugu mhariri, naagiza vyombo vya plastiki kutoka China. Mwaka 2021 nauli ya kontena ilipanda mpaka nikasimamisha biashara. Wakala wangu wa forodha anasema "ni korona" na kuishia hapo. Korona inahusianaje na sanduku la chuma?
*Mfanyabiashara, Kariakoo, Dar es Salaam*

Wakala wako yuko sahihi, ila amekuachia njiani. Mapema mwaka 2020 viwanda vya China vilifungwa, kisha maduka ya Ulaya na Marekani yakafuata. Kampuni za meli zikaona mizigo itapungua, zikafuta safari nyingi. Mambo yakaenda kinyume. Wamarekani walikuwa nyumbani, wana fedha za msaada wa serikali, na hawawezi kuzitumia hotelini wala kwenye ndege. Wakaagiza meza, kompyuta na vifaa vya mazoezi. Mizigo ikafurika kuelekea Los Angeles na Long Beach huku wafanyakazi wa bandari wakiugua, malori hayatoshi na maghala yamejaa. Novemba 2021 meli za makontena zaidi ya 80 zilikuwa zikisubiri zamu nje ya bandari hizo mbili.

Kontena ambalo halijashushwa haliwezi kurudi Shanghai kupakia mzigo wako. Uhaba ulianzia hapo: makontena yalikuwepo duniani, lakini yalikwama mahali pasipofaa. Machi 2021 meli ya Ever Given ikakwama katika mfereji wa Suez kwa siku sita, na ratiba ambazo tayari zilikuwa zimevurugika zikazidi kuvurugika. Dar es Salaam na Mombasa hazikuwa na foleni kama ya Los Angeles, lakini zinategemea makontena yale yale, na mwenye meli huyapeleka yanakolipwa zaidi. Wastani wa nauli ya kontena la futi 40 katika njia kuu za dunia, kwa kipimo cha kampuni ya Drewry, ulikuwa chini ya dola 2,000 mwaka 2019. Septemba 2021 ulipita dola 10,000.

Sasa tazama jambo ambalo waagizaji wengi hawalipigii hesabu. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru wa forodha hutozwa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli na bima. Nauli ikipanda, ushuru nao unapanda, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inakaa juu ya vyote. Chukua mfano wa vyombo 5,000 vya dola 4 kimoja, jumla dola 20,000, bima dola 200, ushuru asilimia 25 na VAT asilimia 18. Tozo ndogo tumeziacha.

Nauli ikiwa dola 2,500, thamani ya forodha ni 22,700. Ongeza ushuru 5,675, kisha VAT 5,107.50. Jumla ni dola 33,482.50, yaani dola 6.70 kwa chombo.

Nauli ikiwa dola 10,000, thamani ya forodha ni 30,200, ushuru 7,550, VAT 6,795. Jumla ni dola 44,545, yaani dola 8.91 kwa chombo.

Nauli imeongezeka kwa dola 7,500, wewe umeongezewa dola 11,062.50. Aliyesajiliwa VAT ataikata baadaye kwenye mauzo yake, lakini fedha hiyo lazima iwe mkononi siku ya kutoa mzigo, na wengi walikwama hapo. Vyombo vyako vimepanda kwa karibu theluthi moja. Mwenzako aliyejaza kontena vipuri vya dola 200,000, kwa viwango vile vile, amepandishiwa chini ya asilimia 4. Ndiyo maana bidhaa za bei ndogo zinazojaza nafasi, kama ndoo, viti na magodoro, ziliumia kuliko nyingine, na mnunuzi wa kipato cha chini akaumia kuliko mwenye nacho.

Kwa nini nchi zilifunga shughuli wakati wagonjwa walikuwa wachache? Je, zisingefunga, uchumi ungesalimika?
*Mwalimu, Morogoro*

Virusi vya awali vilitoka kwa mtu mmoja kwenda kwa watu wawili au watatu, na hatua moja hadi nyingine ilichukua takriban siku tano. Tukichukua 2.5, hatua ya kumi, kama siku 50 baadaye, ina wagonjwa wapya 9,500 na zaidi kutokana na mtu mmoja. Ukipunguza maambukizi hayo nusu, yawe 1.25, hatua hiyo hiyo ina wagonjwa 9. Na kwa kuwa wengi waliambukiza wenzao kabla ya kuhisi dalili, kusubiri wodi zijae kulikuwa ni kuchelewa wiki kadhaa.

Kuhusu uchumi, hapana, usingesalimika. Sweden ilifunga kidogo kuliko majirani zake, lakini pato lake lilishuka mwaka 2020, kwa sababu watu hujizuia wenyewe wakiogopa na kwa sababu wateja wa nje walikuwa wamefungiwa. Tanzania haikuwafungia watu majumbani, na Mei 2020 ilifungua tena anga yake kwa ndege za kimataifa. Hata hivyo hoteli za Zanzibar zilikosa wageni, kwani mgeni alizuiwa kwao. Duniani kote watalii wa kimataifa walipungua kwa zaidi ya asilimia 70 mwaka huo.

Korona ilikuwa 2020. Mbona shilingi yetu ilianguka 2023?
*Msomaji, Eldoret*

Kwa sababu bili ilifika kwa awamu. Nchi tajiri zilimwaga fedha kuokoa watu wao, bidhaa zikawa chache kama tulivyoeleza, kisha Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, mafuta na ngano vikapanda. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1. Benki kuu yake ikapandisha riba kutoka karibu sifuri, Machi 2022, hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50 Julai 2023. Mwekezaji anayepata riba hiyo Marekani haoni sababu ya kuacha dola zake kwetu.

Kenya iliingia kipindi hicho ikiwa na deni la dola bilioni 2 lililokopwa mwaka 2014, la kulipwa kwa mkupuo Juni 2024. Soko likaogopa kwamba fedha hazitapatikana, kila mwenye dola akazishikilia, na Januari 2024 dola moja ikapita shilingi 160. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kununua sehemu ya deni la zamani. Hofu ikashuka na shilingi ikapanda ndani ya wiki chache. Nafuu hiyo ilikuwa ghali, na mlipa kodi ndiye anayeilipia. Zambia haikufika hata huko: ilishindwa kulipa deni lake Novemba 2020.

Sisi tulio Muscat tuliambiwa fedha tunazotuma nyumbani zingeporomoka. Ziliporomoka?
*Msomaji, Oman*

Benki ya Dunia ilikadiria Aprili 2020 kwamba zingeshuka kwa karibu asilimia 20 duniani. Zilishuka kidogo sana, na Kenya zikaongezeka hadi takriban dola bilioni 3.1. Ndugu waliminya matumizi yao ili nyumbani wale. Hilo linastahili kusemwa wazi. Pia mipaka ilipofungwa, fedha zilizokuwa zikibebwa mkononi zilipitia benki na simu, zikaonekana kwenye takwimu. Ghuba ilikuwa na pigo lake, kwa sababu bei ya mafuta ilianguka na vibarua wengi walirudishwa makwao.

Nikisikia mlipuko mpya, niagize mzigo mwingi haraka?
*Muuza vitambaa, Goma*

Kwanza uliza mambo mawili: unaenea kwa hewa? Aliyeambukizwa anaambukiza kabla ya dalili? Ebola iliyoanza Kivu Kaskazini mwaka 2018 iliua zaidi ya watu 2,200, msiba mzito kwenu, lakini huambukiza kwa majimaji ya mwili wa aliyekwisha kuugua, hivyo haikusimamisha meli. Majibu yakiwa "ndiyo" kwa yote mawili, jiandae.

Usijaze ghala. Walioagiza kwa nauli ya 2021 walikuta mwaka 2023 jirani ameleta mzigo ule ule kwa nauli iliyorudi chini ya dola 2,000. Agiza wa kuuza miezi mitatu, na upige hesabu ya bei ya kufika ghalani kwa nauli mara mbili ya leo. Kama faida inakwisha hapo, punguza oda.

Ukinunua kwa bei inayojumuisha nauli na bima, nyongeza ya nauli inambana muuzaji, ila naye anaweza kuchelewesha kupakia akingoja bei ishuke. Andika kwenye mkataba tarehe ya mwisho ya kupakia, na urejeshewe malipo ya awali ikipita. Usikope kwa dola kama unauza kwa faranga.

Mwisho, muulize wakala wako siku ngapi za bure unazo kabla ya kutozwa kwa kuchelewa kutoa na kurudisha kontena. Mwaka 2020 madereva wa malori walikaa siku kadhaa Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, wakingoja majibu ya vipimo, na saa ya kontena haikusimama kwa ajili yao. Mzigo wa Goma huvuka mpaka zaidi ya mmoja kutoka Mombasa au Dar es Salaam. Omba siku za ziada kabla meli haijaondoka China. Ikishatia nanga, utakayeombwa fedha ni wewe.