Hanania na Yeremia katika habari za leo

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama ni sawa Mkristo kuyatazama mambo ya dunia, hasa historia ya Wayahudi, kwa macho ya unabii wa Biblia. Jibu langu ni ndiyo. Siwezi kusoma Isaya asubuhi, kisha jioni nisikilize taarifa ya habari kana kwamba Mungu ameacha kuyaangalia mataifa. Ila tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, mahubiri ninayotumiwa kwenye simu yamejaa Gogu na Magogu, adui wa Israeli katika Ezekieli, na mengi yanamfuata Hanania, si Yeremia.

Kisa chao kiko Yeremia 28. Mfalme Yekonia na vyombo vya hekalu vimeshapelekwa Babeli, na Yeremia anazunguka Yerusalemu na nira ya mti shingoni, ishara ya kuitumikia Babeli. Hanania anamkabili hekaluni mbele ya makuhani, anaivua nira ile, anaivunja na kutangaza kwamba katika miaka miwili kila kitu kitarudi. Yeremia alikuwa ameitikia Amina. Hata yeye angependa iwe hivyo. Sasa anaondoka zake, na baadaye anarudi na neno kwamba nira ya mti itafuatwa na nira ya chuma. Hanania alikufa mwaka uleule. Yeremia naye alikuwa na hesabu yake, miaka 70 ya Babeli, lakini angalieni barua aliyowaandikia mateka: jengeni nyumba, pandeni bustani, waozeni watoto wenu, uombeeni amani mji mlikohamishiwa. Aliwapa kazi ya kufanya kwa miaka yote hiyo.

Wayahudi wenyewe wameonja uchungu wa kuhesabu vibaya. Mwaka 132 Simon bar Kokhba aliasi dhidi ya Roma, na Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa kizazi chake, akamwona kuwa ndiye ile nyota ya Yakobo ya Hesabu 24:17, yaani Masihi. Kufikia 135 Yudea ilikuwa magofu, Wayahudi wamepigwa marufuku kuingia Yerusalemu, na Akiva ameuawa na Warumi. Alikuwa mcha Mungu na msomi kuliko wengi wetu tunaoshika kipaza sauti.

Upande wa Wakristo yupo William Hechler, kasisi wa Kianglikana katika ubalozi wa Uingereza mjini Vienna. Aliichukua miezi 42 ya Ufunuo 11, yaani siku 1,260, akaihesabu kila siku kuwa mwaka, akaanza kuhesabu tangu Waislamu walipoitwaa Yerusalemu katika karne ya 7, akaangukia 1897 na 1898. Machi 1896 alimwendea Theodor Herzl, mwandishi asiyeshika sana dini, na baadaye akamfungulia milango ya watawala wa Ujerumani. Agosti 1897 kongamano la kwanza la Wazayuni, Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, likakutana Basel, Uswisi, chini ya Herzl. Hesabu hiyo inashangaza, wala siibezi. Lakini dola la Israeli lilitangazwa tarehe 14 Mei 1948, na kati ya miaka hiyo Wayahudi milioni sita waliuawa Ulaya, bara lililojaa makanisa. Walihitaji majirani wa kuwaficha.

Ninaandika kutoka Eldoret, na habari hii ilifika hadi kwenye ardhi yetu. Aprili 1903 Wayahudi waliuawa kwa makumi huko Kishinev, katika dola la Urusi. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikawapa Wazayuni nafasi ya kuhamia Afrika Mashariki. Historia inauita mpango wa Uganda, ila eneo lililolengwa lilikuwa uwanda wa Uasin Gishu. Herzl aliufikisha mbele ya kongamano, na wajumbe wa Urusi, hata wale wa Kishinev, wakaupinga kwa machozi. Wachunguzi walitumwa huku, na mwaka 1905 kongamano likaukataa kabisa. Wapo wahubiri wanaosema Mungu alikuwa akiilinda ahadi yake ya Sayuni. Huenda ni kweli. Mimi huwaza pia kwamba Wamaasai na Wanandi hawakuulizwa na mtu yeyote, kama vile Waarabu wa Palestina, Waislamu kwa Wakristo, hawakuulizwa kabla ya tamko la Balfour la 1917, ambamo Uingereza iliunga mkono makao ya Wayahudi huko Palestina.

Hapo ndipo mahubiri mengi yanaponiumiza. Nimemsikia mhubiri akisoma Zekaria 13:8, kwamba theluthi mbili za watu katika nchi watakatiliwa mbali, akasema hao ni Wayahudi wa kesho, na kanisa likapiga makofi. Makofi ya nini, ndugu zangu? Watu wapatao 1,200 waliouawa Israeli tarehe 7 Oktoba, na makumi ya maelfu ya Wapalestina waliouawa Gaza baada yake, walikuwa na mama zao. Nabii wa kweli aliyaona maangamizi akalia. Yeremia alitamani macho yake yawe chemchemi ya machozi.

Basi mwenye kuhubiri Ezekieli, naomba asiishie sura ya 37 na mifupa mikavu, wala ya 38 na 39 na Gogu. Aendelee hadi 47:22-23. Hapo nchi inagawanywa kwa kura, na Bwana anaagiza kwamba wageni waliozaa watoto humo wahesabiwe kama wazalia, na kila mgeni apewe urithi wake katika kabila anamokaa.