Kujenga misuli na kukata kitambi ukiwa kwenye steroidi

Ndugu, umesema unachoma steroidi (dawa za homoni za kujenga misuli) na unataka misuli ijae huku kitambi kikiisha. Kwanza, usitegemee sindano ikuondolee kitambi. Kinachokiondoa ni kula pungufu kidogo ya unachotumia, kama kalori 300 hadi 500 kwa siku. Ukijinyima zaidi, misuli nayo inaliwa. Kula protini gramu 1.6 hadi 2.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako, nyanyua vyuma vizito, na upate usingizi wa kutosha.

Ila mimi hofu yangu ni hizo dawa. Zinashusha lehemu (kolesteroli) nzuri, zinapandisha mbaya, presha inapanda, kuta za moyo zinanenepa, na korodani zinalala, yaani zinapunguza kazi yake (mbegu pia hupungua, wengi hawaambiwi). Usiongeze dozi. Kamwone daktari, mweleze kila unachotumia, akupime damu na presha, na akusimamie kuziacha.