Keki kubonyea, mkate kuungua chini: tunavyooka kwa makala, yaani mkaa, hapa Goma

Dada uliyehamia Goma kutoka Mombasa, karibu sana kwetu. Umeuliza kwa nini keki uliyoipika miaka yote kwenu bila shida, hapa inaumuka vizuri halafu inabonyea katikati hata kabla hujaiepua. Ukauliza pia juu ya mkate wa kwenye mbabula, jiko letu la makala: chini mweusi, ndani mbichi. Na maharage, ambayo unasema yanakumalizia makala. Wengine wamekujibu kwamba unga wa huku ni mbaya, wengine kwamba ulifunua sufuria mapema. Mimi ni mzaliwa wa Goma na naoka kwa makala karibu kila wiki, maana umeme ukikatika unga haungoji. Mkono wako hauna kosa. Kilichobadilika ni hewa.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji umepanda juu ya hapo. Wewe umetoka ukingoni mwa bahari. Huku hewa ni nyepesi, haikandamizi vitu kama ya pwani. Kwa hiyo gesi ndani ya keki inatanuka upesi na kwa nguvu, wakati mayai na unga havijashikana bado. Vipovu vinapasuka, keki inalala. Maji nayo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, na unyevu unatoka haraka, ndiyo maana hata keki isiyobonyea huku hukauka upesi.

Mimi nilijifunza hili kwa uchungu. Binti wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, alikuwa anapata komunyo ya kwanza, nikaahidi keki. Nikafuata vipimo nilivyopewa na jirani aliyewahi kuishi Dar es Salaam, neno kwa neno. Keki tatu, moja baada ya nyingine, zote zikabonyea. Mayai 12 yakaisha na sherehe ni kesho yake. Nikaenda kwa mama mmoja wa mtaa wa Birere anayeuza keki, akaniuliza jambo moja tu: "Levire uliweka ngapi?" Alimaanisha levire ya keki, ile mnayoiita bekingi pauda. Nikamwambia vijiko vitatu. Akachota levire na kijiko, kikawa na kilima juu kama nilivyozoea kuchota mimi, akapitisha mgongo wa kisu ukingoni. Kilichoanguka kilikuwa karibu sawa na kilichobaki. Nikaelewa kwamba vijiko vyangu vitatu vilikuwa karibu sita.

Basi kwa keki ya unga gramu 300 iliyoandikiwa vijiko 3 vya chai vya levire ya keki, mimi naweka 2 na robo, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Sukari ya gramu 250 naishusha hadi 220, kwa sababu sukari nyingi inazuia keki kushikana. Maziwa naongeza vijiko 3 vya chakula. Mayai ya kienyeji yakiwa madogo, naongeza moja. Usipige mchanganyiko mpaka ujae povu, na bati lisipite nusu.

Mkate una dawa yake. Kwa unga gramu 500 naweka levire ya mkate, yaani hamira, kijiko 1 cha chai, chumvi kijiko 1 na nusu, maji kama mililita 320, mafuta na sukari kidogo. Jioni za Goma ni za baridi, utaona donge limekaa tu, utashawishika kuongeza levire. Usiongeze. Lifunike, liweke karibu na jiko, liache. Likishaumuka likande tena kidogo, ulitie kwenye bati, liumuke mara ya pili. Saa isikuongoze, tumia kidole: bonyeza ubavuni. Shimo likirudi upesi, subiri. Likirudi polepole na kubaki nusu, huu ndio wakati wa kuoka. Lisiporudi kabisa umechelewa, na mkate huo utalala kama ile keki.

Sasa moto, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Mbabula inatoa joto chini tu, lakini mkate unataka joto la juu. Chukua sufuria kubwa nzito, ya zamani, ambayo hutaihitaji tena kwa mchuzi. Tandika chini kokoto za volkano, unene wa vidole viwili. Mawe ndiyo tuliyo nayo tele, Nyiragongo, volkano yetu, imetugawia bila kutuomba ruhusa. Mchanga nao unafaa. Lakini kokoto zile zina matundu na hunywa maji, kwa hiyo zianike juani siku nzima kwanza. Jiwe lenye unyevu likipashwa ghafla linaweza kupasuka. Juu ya kokoto weka bati la mkate, lisiguse ubavu wa sufuria.

Washa makala mazito, yale yanayolia kama chuma ukiyagonganisha. Mepesi yanawaka kwa fujo na kuisha mkate ukiwa nusu. Sufuria ikae na kokoto zake motoni robo saa, ifunikwe, kabla ya kutia mkate. Kisha palia: weka makala ya moto juu ya kifuniko, kifuniko cha bati bila plastiki. Chini yabaki theluthi moja tu ya makala yote, theluthi mbili zikae juu. Mimi mwanzoni nilifanya kinyume, na mikate yote ikaungua. Kupima joto, nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati ndani ya sufuria. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa kwa dakika moja hivi, moto umefika. Ukiwa mweusi, toa makala mawili matatu ya chini.

Mkate wa unga gramu 500 hunichukua kama dakika 40. Usifunue kabla ya dakika 25. Ukiutoa, ugeuze na uugonge chini kwa vidole: ukisikia sauti ya kitu kitupu, umeiva. Ukisikia mlio mzito, urudishe. Na usiukate ukiwa moto hata watoto wakilia, ndani bado unajipika. Ukipoa, ule na fromaji, yaani jibini, ya Masisi, utanikumbuka.

Fanya haya yote nje au chini ya paa lililo wazi, nakusihi. Sisi wa Goma tunajua mazuku, ile hewa ya volkano inayojikusanya mabondeni na kuua bila harufu. Gesi ya makala ni nyingine lakini inaua kimya vilevile, na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa sababu ya baridi imeshamaliza familia.

Kuhusu maharage: maji yetu hayafiki joto la maji ya Mombasa, kwa hiyo muda lazima uongezeke. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, funika sufuria na uweke jiwe juu ya kifuniko, na nyanya zingoje mpaka punje zibonyee kwa vidole, kwa sababu uchachu unazifanya ziwe ngumu. Mimi huyabandika siku ya kuoka. Mkate ukitoka, makala ya kifunikoni nayarudisha mbabulani na maharage yanapanda juu yake, kwa hiyo sinunui makala mengine siku hiyo.