Nani alikuwa meya wa Berlin mwaka 1948

Ukidhani alikuwa Ernst Reuter, hapana, si yeye. Wasovieti walipofunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi Juni 1948, aliyekuwa ofisini ni Louise Schroeder wa SPD (chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia), akikaimu umeya tangu Mei 1947. Reuter alichaguliwa na baraza la jiji Juni 1947, ila wakuu wa kijeshi wa mataifa manne yaliyokuwa yakiitawala Berlin baada ya vita (Marekani, Uingereza, Ufaransa na Usovieti) walipaswa kukubaliana wote, na Msovieti akakataa katakata. Uhasama wenyewe ulikuwa wa zamani: Reuter aliwahi kuwa katibu mkuu wa chama cha kikomunisti cha Ujerumani mwaka 1921, kisha akafukuzwa na kurudi SPD. Kwa Wasovieti huyo ni msaliti tu.

Hata ile hotuba yake maarufu mbele ya jengo la zamani la bunge, Reichstag, Septemba 1948, aliitoa akiwa bado hajakabidhiwa ofisi. Aliingia Desemba, jiji likiwa limeshagawanyika. Ila kuna kipindi Schroeder aliugua, Ferdinand Friedensburg wa CDU (chama cha Kikristo cha kidemokrasia) akamshikia nafasi, kwa hiyo ukikuta jina lake kwenye nyaraka za Oktoba 1948, nalo ni sahihi.