Kiini cha jino, na chumba kinamokaa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tunafasiri kijitabu cha afya ya kinywa kitakachogawiwa shuleni na kwenye zahanati. Kuna mchoro wa jino lililopasuliwa katikati. Ile sehemu laini ya ndani kabisa mimi nimeiita kiini cha jino, mwenzangu ameandika uboho wa jino, na tabibu aliyetupitishia rasimu anasema wagonjwa wake husema neva. Pale inapokaa tumepaita chemba ya jino, ila sasa tunajiuliza kama chemba si chumba kilichoharibiwa tu. Na ile njia inayoshuka ndani ya mzizi tumeiandika mfereji. Tuko sawa?" Msomaji, Tanga.

Jibu: Marahaba mwanangu. Andikeni kiini cha jino, na pale kinapokaa andikeni chumba cha kiini. Chemba iondoeni kabisa kwenye mchoro huo. Nianze na uboho, maana mwenzako hakulitoa neno hewani.

Jino lina enameli kwa juu, ambayo hakuna kitu kigumu kuishinda mwilini. Chini yake kuna dentini, na ndani ya dentini kuna uwazi uliojaa tishu laini yenye mishipa ya damu na neva. Mtu aliyewahi kugonga mfupa wa supu akafyonza kilichomo ataona ni kilekile: kitu laini, chenye damu, kilichofichwa ndani ya kitu kigumu. Wajerumani waliona hivyohivyo, wakakiita Zahnmark, yaani uboho wa jino.

Hata hivyo nalikataa. Uboho wa mfupa ndimo chembechembe za damu zinamotengenezwa. Kilichomo ndani ya jino hakitengenezi damu, kinatengeneza dentini. Seli zilizojipanga ukingoni mwake huendelea kuongeza dentini kidogo kidogo hata baada ya jino kukomaa, ndiyo maana chumba hicho huwa kidogo kwa mzee kuliko kwa kijana. Tena siku hizi neno uboho, au uloto kama wanavyopenda kusema watangazaji, mtu hulisikia pamoja na saratani ya damu, sikoseli na habari za kupandikizwa. Mama akiambiwa kwamba uboho wa jino la mwanawe umeharibika, atarudi nyumbani na hofu ya ugonjwa ambao mtoto hana.

Tabibu wenu amesema kweli kuhusu wagonjwa. Neva ndiyo wanayoitaja, na wengine husema mshipa. Lakini neva ni sehemu mojawapo tu ya kilichomo humo, na mtoto wa shule anayesoma mchoro anastahili kuambiwa kwamba mna damu pia, mna uhai. Mshipa nao umebeba mzigo mkubwa mno katika Kiswahili: ni wa damu, ni wa fahamu, na huko kwenu pwani mtu akisema ana mshipa pengine anamaanisha busha. Basi neva ibaki kuwa jina la neva yenyewe. Tabibu akiwa na mgonjwa kitini aendelee kusema neva, sioni ubaya. Mazungumzo yana ruhusa yake, mchoro una wajibu wake.

Mngeweza kufikiria nyama ya jino, na kwa asili ya neno mngekuwa karibu sana. Jina la kitaalamu, pulp kwa Kiingereza, limetoka katika Kilatini pulpa, yaani nyama, hata nyama ya tunda, kama sisi tunavyosema nyama ya embe. Ila msomaji wa Kiswahili akikutana na nyama ya jino, mawazo yake yanakwenda kwenye ufizi moja kwa moja. Na tafsiri za mashine zinazoandika rojo la jino nawaomba msiziguse. Rojo ni la mchuzi. Likiwekwa ndani ya jino, mtu anaona usaha.

Kwa hiyo tunarudi kwenye neno lako. Kiini ni kitu cha ndani kabisa ambacho uhai au maana ya kile cha nje inakitegemea: kiini cha yai, kiini cha mbegu, kiini cha habari. Waarabu nao walilipa jino jina la namna hiyo, lubb, neno la kokwa na la kitu halisi kilichomo ndani ya ganda. Wasomaji wa Kurani wanalifahamu katika ulul-albab, wenye akili timamu, wenye kiini.

Utapingwa kwamba kiini kimeshachukuliwa na walimu wa biolojia kwa kiini cha seli. Hilo halinisumbui, kwa sababu kiini hakitembei peke yake, daima kuna "cha" inayosema ni cha nini. Kinachonisumbua ni wingi. Kenya, viini ni vijidudu vya maradhi, na watu huambiwa wanawe mikono kuua viini. Kijitabu chenu kikivuka mpaka wa Horohoro kikiwa na maneno "viini vya meno", msomaji wa Lungalunga ataelewa bakteria. Basi ukae katika umoja: kiini cha kila jino, kiini cha jino husika. Na mtakapofika kwenye ugonjwa wake, msiandike uvimbe wa kiini, kwa kuwa uvimbe husomwa pia kama kinundu kinachoota. Andikeni kuvimba kwa kiini cha jino. Kitenzi kinaokoa maana hapo.

Sasa chemba. Hapana, si chumba kilichoharibiwa. Maneno haya mawili hayana undugu, ingawa yanafanana sura. Chumba ni mtoto wa nyumba, shina ni lile lile, na ki- ya mwanzo imekuwa ch- mbele ya irabu. Chemba ilitujia kutoka Kiingereza, nacho kiliipata kwa Wafaransa, na wao kwa Kilatini camera, chumba chenye dari la kuba. Ndugu halisi wa chemba katika Kiswahili ni kamera, ambayo mwanzoni ilikuwa chumba cha giza chenye kitundu cha kupitisha mwanga. Nasi tumekwisha kuifanyia chemba makao yake. Mtu humvuta mwenzake chemba wakateta. Jaji husikiliza shauri chemba. Fundi hujenga chemba ya maji taka. Ni neno zuri, lina faragha ndani yake, na silichukii.

Ninalolihofia ni jirani yake, chembe. Wazee husema chembe cha moyo, na wengi leo husema chembe ya moyo, wakimaanisha pale chini ya kifua mbavu zinapokutana. Mwenye vidonda vya tumbo hupashika pale akasema chembe ya moyo inamuuma. Moyo wenyewe haumo katika shida hiyo. Niliwahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja nikamsikia bibi akisema hivyo, na kijana aliyekuwa akiandika maelezo akamuuliza tangu lini ana ugonjwa wa moyo. Bibi akaanza kulia. Sasa tukiwazoesha watu kuita vile vyumba vinne vya moyo chemba za moyo, irabu moja tu itatenganisha kiungulia na ugonjwa wa moyo, na irabu moja hupotea kirahisi kwenye kelele za foleni. Chumba cha moyo hakina hatari hiyo. Ndiyo sababu nataka viungo vya mwili viwe na vyumba, na chemba iachiwe vyombo vilivyotengenezwa na binadamu, kama chemba ya kuhesabia chembechembe za damu chini ya hadubini, au ile ya hewa yenye mgandamizo anamotibiwa mpiga mbizi aliyepanda juu haraka mno.

Kwenye jino, chumba kina faida nyingine: kinaeleza maumivu. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini kikivimba, hakina pa kutanukia, kuta zake ni dentini tupu. Mgandamizo hupanda, na jino hupwita usiku kucha. Mwambieni mtoto kwamba kiini kimevimba ndani ya chumba kisichotanuka, ataelewa, na ataelewa pia kwa nini daktari akikifungua chumba hicho nafuu huja upesi. Sisi tumelelewa na usemi kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa, na watu wengi wamepoteza meno ambayo yangeweza kubaki. Kijitabu chenu kikiweza kuonyesha kwamba kuna chumba kinachofunguliwa, kikasafishwa na kuzibwa, mtakuwa mmemsaidia mtu kuuliza swali jingine kabla ya koleo.

Chumba cha mbele cha jicho kifuate njia hiyo hiyo. Kwa vyumba vilivyomo ndani ya ubongo nakubali ventrikali, mradi mseme ya ubongo, kwa kuwa katika vyumba vinne vya moyo viwili vya chini navyo huitwa ventrikali.

Mfereji unanipa shida. Kwanza, mfereji wa shambani uko wazi juu, na njia ya ndani ya mzizi imezingirwa pande zote. Pili, Unguja na Mombasa mfereji ni bomba la maji la nyumbani, na mtoto wa huko atakitazama kile kimzizi asielewe bomba limeingiaje. Mirija ya uzazi tumeizoea, basi jino nalo lipewe mrija wa mzizi. Kwenye ukurasa wa matibabu acheni kama kliniki nyingi zinavyosema, kutibu mzizi wa jino, ila ongezeni sentensi moja kwamba kinachoondolewa ni kiini na mzizi unabaki mahali pake. Wapo wanaokimbia matibabu hayo wakidhani mzizi unachimbwa.