Kebo ya Wireless Set No. 19 inamomonyoka mpira: nifunge tepu au nisuke mpya?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimepata radio ya kijeshi ya Vita vya Pili vya Dunia, Wireless Set No. 19, yenye maandishi ya Kiingereza na Kirusi usoni. Kebo inayotoka kwenye sanduku la umeme kuingia kwenye radio imekauka, na mpira unamomonyoka kila nikiikunja. Visikizi navyo vinasikika upande mmoja tu, tena kwa kukatikakatika. Nizungushe tepu pale palipopasuka au nisuke kebo mpya? Na je, hedifoni za simu zinaweza kutumika kwa muda?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Tepu hapana. Na kabla hatujaendelea, chomoa betri, wala usiiwashe tena radio hiyo kwa kebo hiyo.

Mpasuko unaouona nje ni sehemu ndogo ya ugonjwa. Nyaya za ndani zimevikwa mpira wa umri uleule, na mpira wa enzi hizo ulipikwa kwa salfa. Salfa hushambulia shaba, ndiyo maana viwanda vilipaka nyuzi za shaba bati. Bati likishachoka, shaba hugeuka nyeusi, na shaba yenyewe huharakisha kuoza kwa mpira unaoigusa. Ukifunga tepu juu, umeficha tu nyaya zinazokaribia kugusana. Ndani ya ganda hilo moja kuna umeme wa betri wenye ampea nyingi, kuna volti kama 275 za kipokezi, na kuna volti kama 500 za kurushia mawimbi. Shoti kati ya hizo inaweza kuunguza dainamota, yaani mashine ya kuzunguka inayopandisha umeme wa betri kuwa volti hizo kubwa, na volti 500 za umeme mnyoofu zinaua mtu.

Hayo maandishi ya Kirusi yasikutie wasiwasi. Radio hizi zilibuniwa Uingereza, zikatengenezwa pia Kanada, na nyingi za Kanada ziliandikwa lugha zote mbili kwa sababu zilipelekwa Umoja wa Kisovieti.

Mali uliyo nayo ni vile vichwa vya kebo. Plagi na soketi za radio hii ni za kuwinda, lakini waya mpya unapatikana popote. Kwa hiyo tunatupa mpira na kuokoa vichwa. Kama vyako ni vya chuma vyenye skrubu, vitafunguka. Tia mafuta ya kulegeza kutu kwenye skrubu tu, usiyaache yafike kwenye mpira, maana mafuta ya petroli huuvimbisha. Kama kichwa kimemwagiwa mpira kikawa kitu kimoja na kebo, utalazimika kukichana taratibu kwa wembe, na hapo uvumilivu ndiyo zana kuu.

Usianze kukata kwenye kichwa. Pima kwanza kila pini ya upande huu inaenda wapi upande ule, andika, kisha kata kebo katikati. Ukikata katikati unabaki na mikia miwili mirefu ya kurejea ukikwama, hasa pale ambapo rangi za nyaya zimefifia zikawa kahawia zote. Angalia pia kama kuna pini mbili zilizounganishwa kwa makusudi ili zibebe ampea zaidi, na kama kuna waya wenye wavu wa shaba. Huo ukirudi bila wavu, utasikia mvumo wa dainamota kwenye visikizi.

Kosa ninaloliona zaidi kwenye kebo zinazoletwa kwangu ni la kioo. Mtu amechora pini akizitazama kwa mbele, halafu akalehemu akizitazama kwa nyuma, kumbe kushoto kumekuwa kulia. Andika kwenye mchoro wako: "upande wa kulehemu". Mchoro wa pini uliochorwa na mtu asiyesema alitazama upande gani, usiuamini.

Sasa waya. Kwa nyaya za volti kubwa chagua zenye kihami, yaani ganda la kuzuia umeme, cha volti 600 au zaidi. Waya wa kengele au wa kompyuta haukuumbwa kwa kazi hii, hata kama unapita kirahisi. Kihami cha silikoni ni laini na hakiyeyuki unapolehemu, ila huchanika upesi kikikutana na ncha ya chuma. Kwa nyaya za betri, unene ndio kila kitu. Tuseme ampea 10 zinapita kwenye kebo ya mita 2, yaani mita 4 kwenda na kurudi: waya wa milimita 1 ya mraba utapoteza karibu volti 0.7, wa milimita 2.5 utapoteza chini ya 0.3. Kwenye betri ya volti 12 tofauti hiyo utaiona, na dainamota inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo.

Unapolehemu, chomeka kichwa kwenye soketi au plagi mwenzake isiyotumika, ili pini zishikwe mahali pake kihami kikipata joto. Pasi ya kulehemu iwe ya moto wa kutosha, ikae muda mfupi. Tumia risasi yenye utomvu. Ile dawa ya asidi ya mafundi wa mabati iache hukohuko. Vika kila kiungo mrija unaosinyaa kwa joto, kisha funga nyaya zote ndani ya soksi ya pamba ukitaka sura ya zamani. Kebo ibanwe na kibano cha kichwa, isining'inie kwenye viungo vya risasi.

Ukimaliza, pima kila pini na mwenzake, halafu kila pini dhidi ya zote nyingine. Ndipo ulete mega, kipimo cha uimara wa kihami, ya volti 500, kebo ikiwa imechomolewa pande zote mbili. Ukisahau na kuipiga mega ikiwa imeshika radio, utakuwa umezijaribu kapasita za zamani, na jibu lao hutalipenda. Waya mpya unatakiwa usome zaidi ya megaohomu 100. Ukipata pungufu, shuku uchafu au mkaa kwenye kihami cha kichwa. Weka fyuzi karibu kabisa na betri kabla ya kuwasha.

Visikizi sasa. Waya wake huenda ni ule wa utepe mwembamba wa shaba uliozungushiwa uzi, nao hukatika karibu na plagi au panapoingia kwenye kisikizi. Haulehemeki vizuri: uzi huungua. Ubane kwa kifuko kidogo cha shaba, au badilisha waya wote.

Hedifoni za simu zitasikika kwa namna fulani, lakini maikrofoni yake haitafanya kazi. Ile inahitaji umeme mdogo wa kuiamsha, na No. 19 haiutoi, kwa kuwa maikrofoni yake ya asili ni ya koili inayojizalishia. Maikrofoni ya mkaa nayo itakataa kwa sababu hiyohiyo. Pima ohomu za kisikizi kinachosikika na kile kilichokufa, ukigusa waya kwenye kisikizi chenyewe na si kwenye plagi. Kile kilichokufa kikitoa mlio mdogo wa "tik" mita inapogusa, koili ni nzima na tatizo ni waya tu.